Mwaka Tulipotwanga Udongo

Mama Feza alikuwa amelala ndani, amefunikwa kitenge chake cha Jumapili, na upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga muhogo ilikuwa inanguruma. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, kelele ilipita yote. Wanawake walioimba walipandisha sauti, wakachoka upesi, wakanyamaza, na mashine ikaendelea peke yake. Niliangalia nani atasimama. Hakuna aliyesimama. Watoto wa siku hizi wanakaa kwenye kilio na simu mkononi, kelele haiwasumbui. Nikajishika magoti, nikainuka mimi, nikazunguka ukuta, nikamkuta mwenye mashine amejaa unga hadi kwenye kope. "Mwanangu," nikamwambia, "kuna maiti hapa." Akavua kofia. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Pole sana, kambo," akasema, maana hapa bibi anaitwa kambo. " Lakini mashine haiko kinu. Ni kinu njo wanakataza." Akanionyesha wanawake waliosimama na mabeseni yao ya muhogo mkavu. "Na hawa wakule nini leo?" Akazima, kwa heshima ya mvi zangu, na mimi nikarudi katika kimya hicho mpaka mlangoni. Nilipoketi tu akawasha tena.

Kwetu hapa kando ya ziwa, mtu akifa, kinu hakitwangwi katika avenyu nzima mpaka azikwe. Sombe, kisamvu chetu, inasubiri, karanga zinasubiri, unga ukikuishia unaazima kwa walio mbali. Sauti ya mchi ni sauti ya nyumba yenye chakula na watu wazima, na huwezi kumpigia sauti hiyo mtu aliyefiwa. Hivyo tulifundishwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Nikakaa pale chini, mgongo kwenye ukuta unaotetemeka, nikawaza kwamba kama kuna mwanamke mmoja Kalemie nzima aliyestahili kuzikwa kwa kimya, ni huyu, maana kimya hicho ndicho kilichomnyima nyumba. Watu wakikumbuka mwaka mmoja wa maisha yao, mara nyingi ni wa ujana, wa ndoa au wa safari. Wangu ulinikuta nina wajukuu tayari. Lakini kabla ya mwaka huo nilikuwa naamini kwamba mtu akifanya kazi yake vizuri, na akawaheshimu watu, mambo yake yatasimama. Tangu hapo siamini.

Mwaka ule ziwa lilipanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka unajikuta uko nje ya nyumba yako. Kwanza likachukua choo, kisha jiko, kisha asubuhi moja niliweka mguu chini ya kitanda nikakanyaga maji. Tukatoka na magodoro kichwani, mimi na majirani wa mstari wote wa chini, na tukapewa darasa moja la shule ya msingi tukae kwa muda. Watoto wa darasa hilo wakapelekwa kusomea kanisani. Katika maisha yangu yote sikukaa darasani muda mrefu kama mwaka ule. Tulisukuma madawati yakawa vitanda, tukafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tukatundika vitenge, na kila familia ikawa na chumba chenye ukuta unaopepea. Ubaoni mwalimu alikuwa ameacha hesabu ambayo haijamalizika, na hakuna aliyethubutu kuifuta. Tulipikia barandani kwa makaa. Ukipika samaki, darasa zima linajua ni samaki gani. Ukipika majani bila mafuta, wanajua vilevile. Siri zilikwisha. Nilijua nani anasali kwa sauti, nani anamnung'unikia mume wake, nani analia akijifanya ana mafua.

Mama Feza alikuwa nyuma ya kitenge kilichopakana na changu, yeye na mume wake, Papa Donati. Papa Donati alikuwa amebeba mizigo bandarini miaka mingi, magunia ya unga na simenti, na kifua chake kilikuwa kimekwisha. Alikuwa mrefu, miguu yake ilipita mwisho wa madawati na kutokeza kwangu chini ya kitenge. "Mama Sangwa," alikuwa ananiita, ndilo jina langu, "mwalimu akirudi akikuuliza ile hesabu, utajibu nini?" Nami namjibu, "Nitamwambia amuulize Donati, yeye alilala karibu na dirisha." Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, na Feza mke wake ananikemea kupitia kitambaa: "Mama Sangwa, muache huyu muntu apumue!" Feza hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichotaka alikisema mara moja: mlango. Hakusema anataka nyumba nzuri. Alisema anataka mlango wa mbao, wa kufunga, ili mume wake akohoe bila watu kuhesabu.

Kiangazi kilipoingia akaja enjenyeri wa mradi mmoja, kijana kutoka Lubumbashi aliyeitwa Kalonda. Nyuma ya kartye yetu, mtaa wetu, kuna bonde ambamo hakuna mtu aliyewahi kujenga. Udongo wake ni mweusi. Mvua ikinyesha unavimba kama mkate, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia. Ukuta ukiwekwa pale unavunjika kabla ya mwaka kuisha. Wakubwa wa mji walikuwa wamesema hivi: Kalonda ajenge nyumba moja katika bonde lile. Nyumba hiyo ikipita masika bila kupasuka, bonde lote litagawanywa parseli, viwanja vya kujenga, kwa watu waliofukuzwa na ziwa. Ikipasuka, hakuna parseli, na kila mtu atajitafutia. Na nyumba yenyewe ya kwanza itakuwa ya Papa Donati na Mama Feza, kwa ajili ya ule ugonjwa. Kwa hiyo wote tulikuwa tumelala juu ya nyumba moja ambayo haijajengwa.

Kalonda alituita barandani na beseni ya maji. Alikuwa ametengeneza madonge mawili ya udongo wa bonde, ameyakausha. Akatumbukiza moja, tukalitazama likiyeyuka kama sukari mpaka maji yakawa meusi. Akatumbukiza la pili. Likakaa. Akalitoa, akanipa mkononi, akasema nilifinye. Nilifinya kwa nguvu zangu za kusongea bukari, ugali wetu wa muhogo, na halikuvunjika. Ndani yake niliona vitu vyembamba vinang'aa, kama nywele. "Ni chupa, bamama," akasema. "Chupa za plastiki za maji, zimekatwa nyuzi nyembamba, na simenti kidogo sana. Nyuzi zinashikana na udongo, udongo haupati njia ya kukimbia." Nikamwambia kwamba wazee wetu walichanganya majani katika udongo wa kukandika nyumba. "Njo vile, mama," akasema, "ni akili ileile. Lakini majani yanaoza. Hii haiozi." Mama Sikujua, mwenzetu wa darasani ambaye alikuwa hajawahi kukosa la kusema, akauliza: "Sasa enjenyeri, mutatujengea nyumba za takataka?" Kalonda akajibu, "Ni takataka ikiwa barabarani, mama. Ikiwa chini ya nyumba yako ni kazi." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Bado naukumbuka uzito wa lile donge.

Kazi ya kwanza ikawa kutafuta chupa, na hapo ndipo Kalonda alipojifunza kwamba hapa chupa ya maji haitupwi. Akiimaliza mwenye nayo, anaichukua muuza mawese. Akiimaliza huyo, inatiwa petroli ya taa. Ikianza kuvuja ndipo inaonekana mtaroni. Mama Sikujua alikaribia kupigana na muuza mawese mmoja sokoni. "Weye mama, toa mikono katika vyombo vyangu!" yule akapiga kelele. "Hiki haiko chombo, ni chupa tupu!" "Tupu kwako! Kesho ina mafuta. Au mumeanza kujenga na mafuta ya watu huko shuleni?" Wachuuzi wakacheka, na jina likatushika: wajenga-chupa. Tukaacha soko, tukaenda kwenye mifereji na ufukweni. Ziwa lilikuwa linatutapikia chupa kila asubuhi, zimepangwa mstari mrefu pale ambapo nyumba zetu zilikuwa zimesimama. Nilikuwa naziokota penye jiko langu la zamani. Tukazirudisha shuleni, tukazisugua kwa mchanga na sabuni, maana Kalonda alisema uzi wenye mafuta haushiki kitu. Kisha tukakaa barandani na mikasi na nyembe, tunakata kuzunguka chupa kama mtu anayemenya viazi, mpaka darasa lote likajaa nyuzi. Zilikuwa kwenye nywele, kwenye magodoro, kwenye bukari. Papa Donati alizitoa mdomoni akisema, "Feza, leo umeniwekea miiba ya samaki gani huyu?"

Mashine ya kushindilia udongo tuliyoahidiwa haikufika. Kalonda alikaa na sura mbaya asubuhi nzima. Wanaume waliokuwa na nguvu walikuwa ziwani au kwenye machimbo ya Manono. Nadhani ni Feza aliyesema, au labda tulisema wote kwa pamoja: michi tunayo. Kalonda akacheka, kisha akaacha kucheka. Tukaleta michi yetu ya kutwangia sombe, ile mizito ya mti mgumu, tukajipanga katika shimo la msingi. Akatuonyesha namna: tabaka jembamba la mchanganyiko, kutwanga mpaka linalia kavu, kisha lingine juu yake. Neno moja alilirudia kila asubuhi: "Bamama, simenti ikiguswa na maji haingojei mutu. Mukichanganya asubuhi, mutwange kabla ya jua kuanguka. Mukilaza, imekufa." Tulitwanga tukiimba, tukiwakejeli wanawake walioshindwa kutwangia waume zao. Kalonda alikuwa anapita nyuma yetu na nondo, anaichoma katika udongo kwa nguvu zake zote, na nondo inagonga kama imegonga jiwe. Mchana tunakula pale pale ukingoni, bukari na ndakala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa, tunanawa mikono iliyotoka malengelenge. Yeye alikula nasi katika sinia moja. Jioni tunarudi, na Papa Donati, ambaye hakuweza tena kutembea hadi bondeni, anamuuliza mke wake tumefika wapi. "Tumemaliza kona ya jua." "Tumemaliza kona ya barabara." Anafumba macho anasikiliza kama mtu anayesomewa habari za watoto wake.

Kona ya mwisho ilikuwa ile ya chumba chao cha kulala. Simenti ilikuwa imebaki kwa kona hiyo tu. Kalonda alikuwa amekwenda Kabimba, kwenye kiwanda cha simenti, kuomba nyongeza, akatuachia kazi, maana sasa tulikuwa tunaijua. Asubuhi tukachanganya yote, tukalowesha, tukaurundika mchanganyiko katika kona. Feza hakuwa nasi, alikuwa amebaki na mume wake. Tulikuwa tumeinua michi kwa tabaka la kwanza wakati msichana mmoja alipoteremka kutoka shuleni akikimbia, na kabla hajafika tulisikia sauti kule juu, na kila mmoja wetu akajua ni sauti ya nani na ya nini. Papa Donati alikuwa ameketi anakunywa uji, akaegemea ukuta chini ya ubao, basi.

Michi ikashuka. Hakuna aliyetoa amri. Tuliiweka chini polepole, kama unavyoweka kitu karibu na mtoto aliyelala. Kutoka bondeni hadi shuleni ni karibu, kila pigo letu lilikuwa linasikika kule. Papa Donati mwenyewe alikuwa anayasikiliza. Tukautazama ule udongo. Mama Sikujua akasema kwa sauti ndogo, "Tukanyage kwa miguu. Miguu haina kelele." Tukavua viatu, tukapanda juu, tukaanza kukanyaga kwa pamoja, na kwa muda mfupi nilifikiri itafaa. Kisha nikainua macho. Mistari ya wanawake, nguo zimekunjwa magotini, tunapanda na kushuka kwa kipimo kimoja. Tulikuwa tunacheza. Mtu yeyote aliyepita njiani angesema wanawake wa darasani wanacheza ngoma wakati maiti wa mwenzao hajapoa. Mama mmoja akashuka, akafuata mwingine, nami nikashuka. Tukaloweka magunia tukaufunika udongo, kama vile magunia yangeweza kuusihi usubiri, tukapanda kwenda kulia.

Hatukuweza kuzika siku ile kwa sababu mtoto wake mkubwa alikuwa Kabimba. Tulikaa darasani na mwili. Vitenge vyote vilishushwa kukawa chumba kimoja tena, Papa Donati katikati juu ya madawati yaliyounganishwa, safari hii miguu imefunikwa. Nilimwona Feza akiangalia dirishani upande wa bonde mara moja, akageuza uso. Hatukumuuliza chochote. Ungemuuliza nini mwanamke anayeshikilia mkono wa mume wake? Umuulize, "Mama, tuendelee kutwanga?" Asubuhi ya pili lori la Kabimba likafika. Lilipaswa kuleta simenti. Lilimleta mwana wa marehemu, na Kalonda ameketi nyuma, mikono mitupu. Tukazika alasiri. Kalonda alibeba jeneza pamoja na vijana. Baada ya makaburi akaja moja kwa moja bondeni na viatu vyake vyenye udongo wa kaburi, akaondoa magunia.

Juu kulikuwa na ganda gumu kama la mkate uliosahaulika. Chini yake madonge, na kati ya madonge vumbi, na nyuzi zetu zimelala ovyo hazijashika kitu. Kalonda akachoma nondo, na nondo ikazama mpaka mkono wake ukagusa ardhi. Akabaki ameinama hivyo. Hakutukaripia. Angetukaripia ingekuwa rahisi. "Niliwaambia haingojei mutu," akasema, lakini kwa huruma, kama anamsemea mtu mwingine. Mama Sikujua akamjibu, "Na sisi hatukuwa na namna, enjenyeri. Kulikuwa na maiti." "Najua, mama. Nimetoka kumzika." Akatuambia ukweli: kona hiyo itolewe yote, tusubiri simenti nyingine, tujenge kiangazi kijacho. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kigoma. Direkta wa shule alikuwa amekwisha kutuambia kwamba masomo yanafunguliwa na anataka darasa lake. Muda wa mradi ulikuwa unaisha, na simenti hakuna. Shefu wa kartye akasema watu wanataka kuona nyumba, hawataki kuona shimo. Basi tukavunja madonge kwa majembe, tukamwagia maji, tukachukua michi, tukatwanga. Sasa tulikuwa na ruhusa ya kutwanga. Tulitwanga kama wendawazimu, mikono ikatoka damu, na udongo ule haukulia kavu hata mara moja. Kalonda alisimama pembeni akitutazama, kisha naye akachukua mchi.

Nyumba ikasimama. Vyumba viwili, mabati, na mlango wa mbao. Feza aliingia peke yake. Siku ya kwanza alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akatoka nje akaketi kizingitini kama mgeni anayesubiri mwenye nyumba. Kalonda aliaga, mradi ulikuwa unampeleka sehemu nyingine. Alishika kona ile kwa kiganja kabla ya kupanda gari. Mvua za kwanza zikapita. Watu wakaanza kuchagua parseli kwa macho: hapa mimi, pale weye, tuache njia ya maji katikati. Nilikuwa nimechagua yangu pia, karibu na Feza. Nilikuwa nimeamua mahali pa jiko. Hilo ndilo ninaloona haya nalo zaidi ya yote, kwamba na akili zangu zote nilikuwa nimeamua mahali pa jiko.

Masika yalipokolea, ufa ukatokea juu ya kitanda cha Feza. Kwanza ulikuwa kama unywele. Kisha ukapitisha mwanga. Kisha kidole, kisha mkono. Udongo wa kona ulikuwa unavimba na kuzama, na ule wa pande nyingine umekaa kimya kama mawe. Ukuta ukabaki kama unavutwa na watu wawili wasioelewana. Mchana mmoja Feza akiwa ufukweni ananunua ndakala, kona ikashuka na ukuta ukalala juu ya kitanda. Wakubwa wa mji wakaja na mabuti. Walitazama upande ulioanguka. Upande uliosimama hawakuuzunguka. Mmoja akavuta uzi mmoja kutoka katika tope, akaushikilia juu watu waone. "Plastiki," akasema. "Mulifikiri nini? Taka ni taka." Nikasogea nikamwambia, "Papa mukubwa, zungukeni upande huu muone, huku haijatingishika. Ile kona ilikosa kutwangwa, tulikuwa na maiti." Akaangalia saa yake. "Mama, maiti anahusika nini na fondasyo ya nyumba?" Wenzake wakacheka, si kwa ubaya hata. Ungeanza wapi kumweleza? Wakapanda gari, na bonde likakataliwa.

Tulitawanyika. Wengine wakaenda Kabimba, wengine wakarudi ziwani wakaishi na maji uani. Mama Sikujua alikwenda kwa ndugu zake Mpala na sijamwona tena. Kabla hatujatawanyika tulilala siku chache kanisani, maana darasa tulikuwa tumelirudisha, tumechanganywa wote, na nikamsikia Feza akiongea na dada yake nyuma ya kitenge kilekile tulichotumia darasani. Dada alikuwa anatulaumu: wangetwanga tu, Donati alikuwa amekwisha kufa, asingesikia. Feza akasema taratibu, "Wangetwanga, nisingewasamehe mpaka kaburini. Hawakutwanga, na sina nyumba. Sasa weye niambie niwachukie kwa lipi." Mimi nilikuwa na kisamvu kilichobaki katika bakuli, nilitaka kumpelekea. Nikakaa nacho mkononi mpaka kikapoa. Watu wananiuliza kama najuta. Sijuti, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mtu anayejuta ana njia ya pili anayoitamani. Mimi nikilirudia jambo lile kichwani, kila mara nafika kwenye ile sauti kutoka shuleni, na kila mara nauweka mchi chini.

Feza aliishia katika kile chumba cha kupanga, ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Alikizoea, alisema kelele inamfanya asijisikie akikohoa. Maana yeye naye alianza kukohoa. Tulimzika Ijumaa. Nikirudi kutoka makaburini nilimwambia mjukuu wangu tupite bondeni. Matofali na mabati watu walishachukua zamani, mlango sijui uko kwa nani. Lakini msingi upo. Kona zetu tatu zipo, ngumu, zimenyooka, hazina ufa, na mwanamke mmoja kijana ameanika ndakala juu yake. Pale penye kona ya chumba cha kulala pana mfereji wa mvua. Udongo wote umekwenda na nyuzi zimebaki zimening'inia ukingoni, safi, zinang'aa kama siku tulipozikata. Yule mwanamke akanisalimia. "Hapa ni pazuri, mama, hapazami. Wengine wanaanika chini wanapata mchanga. Sijui ni nani walijenga hapa." "Ni sisi," nikamwambia. "Na nyumba yenyewe?" "Hakuna." Akanipa ndakala kidogo katika kiganja, kwa huruma tu.

Nyumbani mjukuu akaosha majani ya muhogo, akasogeza kinu uani, akainua mchi. Nikamwambia auweke.

"Lakini kambo, Mama Feza tumeshamuzika."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Sasa sombe tutaitwanga lini?"

"Nikisema."

Akanitazama, si kwa utovu wa adabu, alitaka kujua kweli. "Itamusaidia nini yeye?"

"Hakuna. Haimsaidii kitu. Weka mchi chini."

Akauweka. Jioni tulikula bukari na wale ndakala wa kupewa, majani yakanyauka katika beseni, na kutoka chini, kupitia nyumba zote zilizo katikati, nilisikia ile mashine inasaga.